Mkasi wa Nguo

Usiku wa tatu mama yake yuko Bombo,
na nyumba ya Makorora tumeachiwa mimi na Mwanamvua,
mimi nisiyejua hata chumvi inakaa kopo gani.

"Baba, mdogo wangu tumpelekee zawadi."
Zawadi, tarehe ishirini na sita ya mwezi!
Mfukoni nina nauli ya kwenda; ya kurudi tutaijua hukohuko.
Nikatoa rundo la stakabadhi nililolibeba kutoka ghalani,
karatasi za waridi za uzani wa mkonge,
zilizobatilishwa kwa makosa ya tarakimu:
robota moja, kilo mia mbili na hamsini, daraja la tatu,
na sahihi yangu chini, imepinda kama mwenyewe.

Tukapika gundi. Unga wa ngano vijiko viwili,
maji, moto mdogo, koroga usiache.
Akaionja. "Haina sukari," akasema,
na kabla sijageuka, keshaitia.

Wembe ulichana ovyo, karatasi ikaota meno.
Nikatazama cherehani. Nikatazama droo ya cherehani.
Humo umelala mkasi ambao katika ndoa yetu
una heshima kunishinda:
haukati karatasi, haukati kamba, haukati kucha,
hauazimwi hata kwa jirani aliyefiwa.
Karatasi huua makali, husema mwenyewe,
na kitambaa kikitafunwa, mteja haulaumu mkasi.

"Mama atajua," Mwanamvua akaninong'oneza.
"Nani atamwambia?"
Akaniangalia kama mtu anayekadiria deni.
"Si mimi."

Basi tukakata.
Mkono wake ndani ya wangu, vidole vitatu tundu moja,
ulimi nje, pembeni mwa mdomo,
na chuma kile kizuri kikipita bila kelele
kama kinapita kwenye maziwa.
Tulitaka ndege. Wa kwanza alitoka samaki.
Wa pili alitoka kitu, tukakubaliana ni kitu.
Wa tatu bawa moja lilizidi jingine.
"Huyuhuyu," akasema. "Anakata kona."
Mkia tukamfungia nyuzi za mkonge
nilizozikuta kwenye pindo la suruali yangu.

"Hapa pameandikwaje?"
"Uzito."
"Wa ndege?"
"Wa robota."
"Na mdogo wangu ana ngapi?"
Moja na nusu, nikamwambia. Nilisema kwa sauti ya ghalani,
ile ya kusoma mizani,
maana ile nyingine ilikuwa imekwama.
Akaifuta mia mbili na hamsini kwa mstari wa penseli,
akaandika moja, na nukta kubwa kama kunde,
na tano iliyotazama nyuma.
"Weka sahihi."
Nikaweka.

Asubuhi sisimizi walikuwa wamefuata sukari yao.
Pale penye jicho palibaki tundu.
Nikasubiri alie. Akapuliza, akawapangusa mmoja mmoja,
akachungulia upande wa pili:
"Sasa ndiyo anaona."

Muuguzi hakutaka maneno mengi.
Watoto hawaingii wodi ya njiti. Karatasi haziingii.
Tukazunguka nyuma, kwenye matanki ya maji,
nikampandisha mabegani.

Mama yake akaja dirishani, mtoto kafungwa kifuani,
ngozi kwa ngozi chini ya kanga,
kofia tu ndiyo ilionekana,
haizidi kifuniko cha chupa ya chai.
Mwanamvua akamshikiza ndege kwenye kioo.
Yeye akatazama bawa, akatazama mkia, akasoma ile tano.
Kisha, upande wake wa kioo,
akaufuata ukingo wa karatasi kwa kidole
polepole, anavyokagua pindo la mtu mwingine.

Akanitazama mimi.
*Mkasi wangu*, midomo ikasema.

Huku juu mtu akafunika mdomo kwa mikono yote miwili,
ndege akaanguka kwenye matope ya tanki,
na yule wa ndani, mara ya kwanza tangu Jumapili,
akacheka,
hata ile kofia ikapanda, ikashuka.